Skrini za wino wa rangi: namba 300 ni ya maandishi meusi, rangi ina namba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazazi, walimu na wanafunzi wa Mwanza wanaofikiria kununua kisomeo cha vitabu chenye skrini ya wino wa rangi. Madukani na kwenye makundi ya simu, matangazo ya vifaa hivi karibu yote yanabeba namba moja: nukta 300 kwa inchi. Namba hiyo ni ya kweli, ila ni ya maandishi meusi tu. Rangi kwenye skrini hizo hizo ni nukta 150 kwa inchi, na tangazo likiitaja, linaitaja chini kabisa kwa herufi ndogo. Anayenunua bila kuijua hiyo namba ya pili atafungua ramani ya jiografia au picha ya seli na kudhani kauziwa kifaa kibovu, kumbe kifaa ni kizima na faili ndilo halikuandaliwa.

Tuanze na namna skrini yenyewe inavyofanya kazi, maana ushauri wote wa chini unatoka hapo. Ndani ya skrini ya kawaida ya wino kuna vifuko vidogo sana vyenye chembe nyeupe na chembe nyeusi, zikiwa na chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipelekwa upande mmoja, nyeupe hupanda juu. Ukigeuzwa, hupanda nyeusi. Zikishakaa mahali pake hazihitaji umeme tena, ndiyo maana ukurasa hubaki ukionekana hata kifaa kikizimwa. Skrini nyingi za rangi zilizopo sokoni leo, kuanzia Kobo Libra Colour na Kobo Clara Colour hadi Kindle Colorsoft, zote za mwaka 2024, zinatumia teknolojia ya kampuni ya E Ink iitwayo Kaleido 3, iliyotangazwa mwaka 2022. Wino wake bado ni ule ule mweusi na mweupe. Kilichoongezwa ni kichujio chembamba kilichopakwa vipande vidogo vya nyekundu, kijani na bluu, kikalazwa juu ya nukta za wino.

Kwa hiyo nyekundu unayoiona si wino mwekundu. Ni nukta nyeupe iliyo chini ya kipande chekundu cha kichujio, huku majirani zake walio chini ya kijani na bluu wamefungwa kwa weusi. Kila nukta ina ngazi 16 za kijivu, na 16 mara 16 mara 16 ndipo inapopatikana ile hesabu ya rangi 4,096 inayotajwa kwenye maboksi. Kwa vile rangi moja inahitaji nukta kadhaa kushirikiana, ukali wa rangi unabaki nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Inchi moja ya mraba ina nukta 90,000 za maandishi meusi, lakini kwa rangi zinabaki 22,500, yaani robo. Vizazi vilivyotangulia, Kaleido ya kwanza na Kaleido Plus, vilikuwa na rangi ya nukta 100 tu kwa inchi. Ukikutana na kisomeo cha rangi kilichotumika cha miaka ya 2020 na 2021, jua ndicho hicho.

Kichujio kina gharama nyingine ambayo watu huiona kabla ya rangi yenyewe: mwanga. Mwanga wa nje unapita kwenye kichujio ukiingia, unagonga wino, halafu unapita tena ukitoka. Kipande chekundu kinameza kijani na bluu, cha kijani kinameza nyekundu na bluu, na kadhalika. Vichujio vingekolezwa sawasawa, ukurasa mweupe ungerudisha theluthi moja tu ya mwanga, na hakuna ambaye angeweza kuusoma. Watengenezaji wakachagua vichujio hafifu ili ukurasa uwe mweupe kiasi, nasi tukapata rangi zilizopauka kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Uking'arisha karatasi unapoteza rangi, ukikoleza rangi unapoteza karatasi. Hakuna mpangilio wa kifaa utakaoondoa ukweli huo. Unachoweza kufanya ni kuamua unahitaji nini zaidi kwenye ukurasa ulio mbele yako.

Sasa maandishi. Weka kisomeo cha rangi kando ya kile cha nyeusi na nyeupe, taa zote mbili zikiwa zimezimwa, karibu na dirisha. Utaona tofauti mbili. Ya kwanza, ukurasa wa rangi una ukijivu, na ukiusogeza karibu na jicho unaona chembechembe kama mchanga laini kwenye sehemu nyeupe. Hizo ni vipande vya kichujio. Ya pili, kingo za herufi si safi kama kwenye kile kingine. Katikati ya herufi hakuna shida, kwa sababu weusi unafunga kila kitu na kichujio hakina la kusema. Shida iko kwenye mpindo wa herufi kama "e" au "s", ambako programu hutumia nukta za kijivu kulainisha ukingo. Kijivu kikikaa chini ya kipande cha bluu kinaegemea bluu, kikikaa chini ya nyekundu kinaegemea nyekundu. Kwa umbali wa kawaida wa kusoma jicho linavichanganya, lakini herufi zinabaki na ulaini ambao wengine wanaufananisha na macho yanayotaka miwani.

Dawa ipo, na si ya gharama. Kwanza, usiogope taa ya mbele. Kwenye kisomeo cha nyeusi na nyeupe unaweza kukaa mchana bila taa kabisa. Kwenye cha rangi, ndani ya nyumba, anza na asilimia 30 hadi 50 hata mchana, kisha punguza mpaka pale ukurasa unapoacha kuonekana wa kijivu. Ukipandisha mno, weusi nao unapauka na herufi zinapoteza nguvu. Pili, chagua fonti yenye mistari minene. Fonti zenye miguu myembamba kama uzi hukatika kwenye skrini hizi. Kobo ina mpangilio wa unene wa herufi: usogeze hatua mbili au tatu kuelekea nzito, halafu ongeza ukubwa hatua moja. Tatu, nafasi kati ya mistari iongezwe kidogo, maana herufi nzito zikibanana ukurasa mzima unageuka doa.

Jambo la nne wengi hulikosa. Vitabu vingi vya EPUB, yaani faili ambalo maandishi yake hujipanga upya kufuata ukubwa wa skrini, vina rangi ya maandishi iliyopangwa na mchapishaji, na mara nyingi si nyeusi kamili. Ni kijivu kilichokoza kilichopendeza kwenye kompyuta ya msanifu. Kwenye skrini ya rangi kijivu hicho ni balaa, maana kila herufi nzima sasa inakuwa ukingo. Fungua kitabu kwenye programu ya Calibre, ambayo ni ya bure, kibadilishe kutoka EPUB kwenda EPUB, na kwenye ukurasa wa mwonekano tafuta sehemu ya kuchuja mitindo, weka tiki kwenye rangi. Maandishi yanarudi kuwa meusi halisi. Tukiwa hapo hapo, kwenye orodha ya vifaa vya kutolea chagua kishikwambi cha kawaida badala ya kifaa mahususi, ili Calibre isipunguze picha zako bila kukuuliza.

Maandishi ya rangi ni habari nyingine, na hapa ningependa walimu wanaoandaa notisi wasikilize kwa makini. Herufi nyeusi ya ukubwa wa pointi 9 ina mwili wa nukta kama 18 kwa urefu. Herufi hiyo hiyo ikiwa nyekundu inabaki na 9. Tena nyekundu yenyewe inatokea imekoza kuelekea udongo wa matofali, kwa sababu nukta mbili kati ya tatu zimefungwa. Kinyume chake ni njano, ambayo inafungua nyekundu na kijani na kufunga bluu peke yake, hivyo inakaribia sana weupe wa ukurasa. Sentensi iliyoandikwa kwa njano haisomeki kabisa. Maandishi meupe juu ya boksi jekundu ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu mstari mwembamba mweupe unategemea nukta moja au mbili, na kila moja ina rangi yake ya kichujio. Mwalimu anayetaka kusisitiza neno alipige mstari au alikoze kwa weusi. Rangi aiache kwenye usuli hafifu nyuma ya maandishi meusi. Hapo inafanya kazi vizuri, na ndiyo sababu kupaka maneno ya kitabu mstari mpana wa rangi hafifu ni jambo moja ambalo visomeo hivi vinalifanya kwa uzuri hasa.

Chukua mfano wa ramani ya topografia ya 1:50,000 inayotumika kwenye somo la jiografia sekondari. Mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, ni ya kahawia, na tuseme ina unene wa milimita 0.2. Ramani ya upana wa A4 ukiiingiza yote kwenye skrini ya inchi 7, kila kitu kinapungua karibu nusu, kontua inakuwa milimita 0.1. Nukta moja ya rangi kwenye skrini ni milimita 0.17. Mstari sasa ni mwembamba kuliko kitu kidogo kabisa ambacho skrini inaweza kukipaka rangi. Matokeo yake kontua inaonekana kama mstari wa kijivu unaokatikakatika, mto wa bluu unafanana nayo, na mwanafunzi anashindwa kujua kipi ni kilima na kipi ni kijito. Kukuza ramani mara mbili kunarudisha kahawia na bluu, ila sasa anaona robo tu ya karatasi. Kwa ramani za aina hiyo karatasi bado haijapata mpinzani.

Vivyo hivyo ramani za magugu maji kwenye ziwa letu. Zikichorwa kijani hafifu juu ya bluu hafifu, zote mbili zinaishia kuwa kijivu kinachokaribiana na eneo lililovamiwa halitofautiki na maji safi. Mchoraji akiweka mistari ya mshazari kwenye eneo la magugu, au akaacha maji kuwa meupe na magugu kijani kilichokoza, tatizo limekwisha.

Kwa wanafunzi wa afya wa hapa Mwanza nina onyo zito zaidi. Picha za damu zilizopakwa rangi ya Giemsa kwa ajili ya kutambua vimelea vya malaria zinategemea tofauti kati ya bluu ya mwili wa kimelea na wekundu wa kiini chake, vitu vidogo vilivyo karibu sana ndani ya chembe ya damu iliyopauka. Skrini ya Kaleido inachukua chembe ile ya damu na kuifanya kijivu, na kile kidoti chekundu kinamezwa na bluu iliyo jirani. Maelezo ya kitabu yasomeni humo, picha zitazameni kwenye kompyuta au simu nzuri. Mtu akizoea rangi za kisomeo atafika kwenye darubini akitafuta kitu ambacho hakipo.

Palipo na nafasi ya kuandaa picha mwenyewe, mambo hubadilika sana. Tuseme unatengeneza kijitabu cha furu wa Ghuba ya Mwanza. Dume la Pundamilia nyererei, samaki aliyepewa jina la Mwalimu, ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Ndugu yake Pundamilia pundamilia ni wa bluu ya kijivu. Picha ya kamera ukiitupia moja kwa moja, wa kwanza anatoka wa kahawia, wa pili anatoka kijivu kitupu, na msomaji hajui rangi zao zinatofautiana vipi. Fanya hivi kwenye GIMP au programu yoyote ya picha. Kata picha ibaki samaki na nafasi kidogo pembeni. Ipunguze ilingane na skrini: 1264 kwa 1680 kwa kisomeo cha inchi 7, 1072 kwa 1448 kwa cha inchi 6. Ukiacha picha kubwa zaidi, kifaa chenyewe kitaipunguza, na magamba ya samaki yakikutana na mpangilio wa kichujio huzaa mawimbi ya ajabu ambayo hayapo kwenye picha. Kisha ng'arisha mwanga wa kati, gama 1.2 hivi, kwa sababu skrini itaitia giza. Pandisha ukolezo wa rangi kwa asilimia 25 hadi 30. Usivuke hapo: ukikoleza kupita kiasi, nyekundu na rangi ya chungwa zinakuwa kitu kimoja na umepoteza tofauti uliyokuwa ukiitafuta. Mwisho noa kingo kidogo, baada ya kupunguza ukubwa, si kabla. Hifadhi picha za kamera kwa JPEG ya ubora wa 85 au zaidi, michoro na grafu kwa PNG. JPEG iliyobanwa sana huacha vumbi kuzunguka herufi za mchoro, na vumbi hilo kwenye skrini ya wino linaonekana kuliko kwenye simu.

Ukiangalia picha hiyo kwenye kompyuta itakuwa imezidi rangi. Ndivyo inavyotakiwa, weka nakala ya pili kwa ajili ya simu.

Nije kwenye PDF, ambako ndiko malalamiko mengi yanakotoka. Vitabu vya kiada vilivyomo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, notisi za vyuo, ripoti za uvuvi, vyote ni kurasa zilizopangwa kwa karatasi kubwa. A4 ina upana wa milimita 210. Skrini ya inchi 7 ina upana wa milimita 107. Herufi ya pointi 11 inashuka hadi 5.6, na kwenye skrini ya inchi 6 inashuka hadi 4.8. Hakuna ukali wa skrini utakaookoa herufi ya pointi 5. Watu wanalaumu rangi, lakini hapa mkosaji ni hesabu.

Lakini hesabu hiyo hiyo inatoa njia. Ukurasa wa A4 kwa kawaida una pembezoni tupu za sentimita 2.5 kila upande, kwa hiyo maandishi yenyewe yana upana wa milimita 160. Kata pembezoni, na herufi ya 11 inapanda kutoka 5.6 hadi 7.4. Sasa laza kifaa, usome kwa upande mrefu wa milimita 142, inafika 9.8, na hapo mtu anasoma bila kukunja uso. Ukurasa utagawanyika mara mbili au tatu, nao ni usumbufu mdogo. Programu ya KOReader, ya bure pia, inayowekwa kwenye Kobo na PocketBook, inakata pembezoni yenyewe na kukumbuka mpangilio wa kila faili. Tena ina kitelezi cha kukoza maandishi kinachosaidia sana PDF zilizopigwa skani na kutoka hafifu. Kwa mwenye kusoma PDF za A4 kila siku, nasema wazi: inchi 7 si kifaa chake. Tafuta inchi 10.3 yenye nukta 300 kwa inchi, upana wake ni milimita 157, na ukikata pembezoni herufi ya 11 inabaki karibu vile vile ilivyochapwa.

Skani ina ugonjwa wake wa pekee kwenye skrini ya rangi. Kitabu cha zamani kilichopigwa skani kwa rangi kina karatasi ya njano, na kisomeo kinajitahidi kuionyesha njano hiyo kwa kutawanya nukta ukurasa mzima. Maandishi yanaelea juu ya mchanga. Ibadilishe skani iwe ya kijivu, kisha usukume nyeupe mpaka karatasi iwe tupu kabisa. Kurasa zenye picha muhimu tu ndizo ziachwe na rangi.

Vivuli vya ukurasa uliopita navyo huzidi kwenye rangi, hasa ukitoka kwenye picha iliyojaa kwenda kwenye maandishi. Si ubovu. Kwenye mipangilio chagua skrini isafishwe kila ukurasa kwa vitabu vya picha, na kila sura kwa riwaya. Skrini itapepesa nyeusi kila mara, na betri italiwa zaidi kidogo. Kwenye vifaa vya Android kama Boox kuna hali za kasi kwa ajili ya kuperuzi intaneti. Hizo zinapunguza ngazi za kijivu ili zikimbie, na maandishi yanakuwa na meno. Kabla hujalalamika kwamba herufi ni mbovu, hakikisha hukuacha hali ya kasi.

Jua letu ni rafiki wa skrini hizi. Kwenye sitaha ya kivuko cha kwenda Nansio saa sita mchana, pale simu inapogeuka kioo cha kujitazama, kisomeo cha rangi ndipo kinapong'ara: ukijivu unapotea, nyekundu inakuwa nyekundu. Taa izime kabisa hapo. Jioni ukipunguza mwanga wa bluu ili taa iwe ya njano, kumbuka kwamba kila picha inaegemea njano pia. Ukitaka kutazama rangi, rudisha taa iwe nyeupe kwa muda. Kifaa kisichozuia maji kisikae kwenye boti bila mfuko, na hata kinachozuia, kama kimelowa, tundu la chaji likauke kabisa kabla ya kuchomeka waya. Kioo cha ndani ya skrini nyingi za wino ni chembamba mno, kikikandamizwa ndani ya begi kwenye bodaboda kinapasuka bila alama ya nje, na kukibadilisha kunakaribia bei ya kifaa kipya. Kava gumu si anasa.

Kwa anayekwenda kununua, iwe Makoroboi au kwa mtu wa mtandaoni, majaribio haya hayachukui muda mrefu. Omba kifaa kizimwe kabisa. Picha au maandishi yakibaki kwenye skrini, huo ni wino. Skrini ikiwa tupu, washa, shusha taa hadi sifuri, tembea nacho mpaka mlangoni penye mwanga: wino unasomeka bila taa, na kishikwambi cha kawaida chenye kioo kisichong'aa, ambacho wapo wanaokiuza kwa jina la "skrini ya karatasi", kinageuka giza. Baada ya hapo fungua ukurasa mweupe, taa asilimia 50, uangalie kingo zote nne kama kuna utepe wa njano au wa kijivu. Geuza kurasa 20 mfululizo. Fungua ukurasa wenye maandishi mekundu madogo, maana huo ndio utakaokuonyesha mpaka wa kifaa, na uamue ukiwa pale pale dukani kama unaweza kuishi nao. Beba faili zako mwenyewe. Picha za maonyesho za muuzaji zimeandaliwa ziwe nzuri.

Kuna wanaouliza kuhusu Gallery 3, teknolojia nyingine ya E Ink ambayo haina kichujio: chembe za samawati, majenta, njano na nyeupe zimo ndani ya wino wenyewe, hivyo rangi ina ukali sawa na maandishi. reMarkable Paper Pro ya mwaka 2024 imejengwa juu ya msingi huo. Bei yake ni kubwa, na rangi bora kabisa ya Gallery 3 inachukua sekunde moja na nusu kujipanga. Kwa kuandika notisi na kusoma taratibu inafaa. Kwa mwanafunzi anayepekua kamusi na kurudi, itamchosha.

Maoni yangu kwa mzazi: kama mtoto anasoma riwaya, tamthiliya, historia na uraia, mnunulie kisomeo cha nyeusi na nyeupe. Atapata herufi kali zaidi, karatasi nyeupe zaidi na betri inayodumu zaidi, kwa fedha pungufu. Cha rangi kinunuliwe pale rangi inapobeba maana: grafu, vitabu vya picha vya watoto wadogo, majalada, na kwa yule anayepigia mistari ya rangi vitabu vyake akisoma. Shule inayotaka kununua vingi inunue kimoja kwanza, ipakie vitabu itakavyotumia, na iwape walimu wa masomo ya picha wakikague kabla ya kulipa vilivyobaki.

Nawaomba wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili watoe EPUB, siyo PDF peke yake. Wakiwa na faili la kuchapia wanaweza kupata EPUB bila kuanza upya, na ndani yake waache rangi ya maandishi bila kuipanga. Kwenye grafu, kila mstari uwe na alama yake, duara, pembetatu au mkatokato, mbali na rangi.

Nawe Ndugu Mhariri, toleo lenu la PDF linasomwa na watu wa visiwani ambao karatasi inawafikia jioni au haifiki kabisa. Ukurasa wa tabloidi una upana unaokaribia milimita 280. Kwenye skrini ya inchi 7 maandishi yenu ya pointi 9 yanakuwa 3.4. Msomaji akikuza safu mbili tu, zijaze upana wa skrini, anarudishiwa pointi 9 zake, lakini hilo linawezekana iwapo habari haikurukia safu ya tano katikati ya sentensi. Ninawaomba mambo matatu: vichwa vya habari viwe vyeusi juu ya weupe badala ya vyeupe juu ya wekundu, rangi ya usuli kwenye tahariri iondolewe au ififishwe sana, na ratiba ya vivuko pamoja na bei za samaki, ambazo sasa mnazipaka njano na kijani, ziwekwe kwenye jedwali la mistari myeusi.

Mwandaaji wa vitabu vya kidijitali,
Kirumba, Mwanza